Mikono Miwili ya Kushoto

2 Aprili

Shajara hii nimepewa na muuza vitambaa kwa kuwa mteja wake wa siku nyingi. Mama ameitazama, akasema, "Fundi cherehani ana nini cha kuandika? Leo nimepunguza suruali, kesho nimeongeza suruali?" Basi naandika ili kumkomoa.

Mvua za msimu zimeanza leo asubuhi. Bati linapiga kelele mpaka cherehani haisikiki, na paa limevuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya meza ya pasi.

Kwa faida ya atakayeiokota: duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba. Mimi nakata na kushona. Mama anakaa dirishani, anashona vifungo na matundu yake kwa mkono, na mtaa mzima unamwita Mama Vifungo. Baba, aliyetufundisha sote wawili, alifariki msimu wa mvua wa mwaka juzi. Homa ya kifua iliwalaza yeye na Mama wiki moja, na mmoja tu ndiye aliyeinuka. Mimi natumia mkono wa kushoto, ndiyo maana Baba aliniita Shoto. Mama bado ananiita hivyo, hasa anapotaka chai.

3 Aprili

Mkutubi wa maktaba amekuja na kitambaa cha sufu ya kijivu, anataka koti. Mvua zikiisha anahama kwenda kukaa na binti yake, huko kwenye baridi. Kitambaa alikirithi kwa shangazi yake. "Hakuna kipande kingine kama hiki duniani," amesema, akiniachia taratibu kama anayekabidhi mtoto mchanga. Kitambaa alikikumbuka, kitabu chake akakisahau kwenye kigoda. Hakina jalada. Nimesoma ukurasa wa kwanza nikisubiri pasi ipate moto: msichana anapita kwenye ufa wa ukuta na kutokea dunia nyingine, ana upanga na hana kazi yoyote ya kufanya.

6 Aprili

Mvua. Suruali. Suruali.

8 Aprili

Nimeharibu.

Mikono ya koti hukatwa kitambaa kikiwa kimekunjwa, ili upate jozi kwa mkato mmoja. Kitambaa cha Mkutubi kina upana mdogo, hakitoshi kukunjwa, kwa hiyo nimekata mmoja mmoja. Ukikata hivyo lazima uigeuze ile karatasi ya kipimo kabla ya mkono wa pili. Mtoto wa darasa la kwanza la ufundi anajua. Mimi sikugeuza. Nina mikono miwili ya kushoto, safi kabisa, na mabaki yasiyotosha hata kola ya paka. Sufu hii ina uso na mgongo, kwa hiyo huwezi kuupindua mkono ukajidai ni wa kulia.

Nimekaa nimeshika kichwa. Halafu nimeitundika yote miwili kwenye msumari wa nyuma ndani ya kijichumba cha kujaribia nguo, nikashusha pazia ili Mama asione.

"Umeficha nini humo?" Mama ameuliza, bila kuinua macho kwenye sindano.

"Sijaficha kitu."

"Haya."

9 Aprili

Mvua imepiga tangu alfajiri. Nimeingia kijichumbani kuutazama msiba wangu kwa mara nyingine. Kwenye msumari kuna mkono mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia.

Nimeupima ule wa kulia. Nimeupindua. Ni sufu ileile ya kijivu, na una kasoro kama ya kitambaa cha Mkutubi, uzi mweupe unaopita urefu wote. Nimemwendea Mama.

"Mama, umenikatia mkono?"

"Kwa vidole hivi? Mkasi wenyewe siku hizi naushika kwa maombi."

Kitu cha ajabu zaidi: pindo la ule mkono wa kulia limekwisha kushonwa. Mwisho wa uzi umerudishwa nyuma mara tatu, kisha umefungwa kwa alama ndogo ya mkato. Ninaujua mshono huo kuliko ninavyoijua sahihi yangu. Baba alikuwa akimalizia hivyo kila nguo, kwa ndani, pasipoonekana. Hakunifundisha mimi wala mtu mwingine. Alisema kila fundi atafute wake.

Nimelia kidogo, nikasingizia mvuke wa pasi.

12 Aprili

Jua. Ukuta wa kijichumba ni mbao tupu. Nimeugonga, nikaunusa, nikauzunguka kwa nje na kukuta ndoo na ngazi. Fundi viatu wa jirani ameniuliza kama nimepoteza kitu. Nimemwambia natafuta panya. Sasa anataka kuniazima paka.

Nimeendelea na kitabu. Yule msichana ameshapita dunia nyingi, na kila anakofika kuna mfalme. Hakuna hata neno moja kuhusu mikono ya makoti.

15 Aprili

Leo nimepita.

Mvua ilipokolea nikaingia kijichumbani na futi yangu shingoni. Ukuta wa mbao haukuwepo. Palikuwa na pazia jingine, la kijani, wakati letu ni la bluu. Nikapiga moyo konde, nikalifungua.

Lilikuwa duka letu. Dari ileile, ufa uleule juu ya mlango, lakini meza ya kukatia iko upande wa pili, na bati lao halivuji. (Nilitazama hilo kwanza, sikatai.) Na mezani alisimama mtu mwenye uso wangu, nywele amesuka vizuri kuliko mimi, mkasi ameushika kwa mkono wa kulia.

Tulitazamana. Nadhani yule msichana wa kitabuni angechomoa upanga. Mimi nilisema, "Wewe ndiye uliyenichukulia mkono?"

"Na wewe umechukua wangu," akajibu. "Nilikata miwili ya kulia, nikaitundika msumarini. Sikugeuza karatasi."

"Mimi pia sikugeuza."

"Nilijua tu! Kila nikiharibu, nasema lazima yupo mjinga mwingine mahali fulani anaharibu vivyo hivyo."

Tukacheka mpaka tukashikilia meza. Kisha maswali yakatumwagika. Unatumia uzi namba ngapi? Uliolewa? Hapana, na wewe? Yule muuza samani alikuja kuposa? Alikuja, nikamkataa. Mimi pia, kwa sababu ya kicheko chake! Nilisahau kuogopa. Ni jambo la ajabu kuulizwa na mtu anayejua tayari ni swali gani litakuchekesha.

Nikaona kiti cha Mama dirishani. Kilikuwa na rundo la vitambaa juu yake.

"Mama yuko wapi?" nikauliza.

Uso ulimbadilika. "Alifariki mwaka juzi, wakati wa mvua. Kifua. Kwani kwenu...?"

"Kwetu alikwenda Baba."

Hapo ndipo nikasikia kikohozi chumba cha ndani, na miguu ikiburuza kandambili. Akatoka. Miwani kwenye paji la uso, pini mdomoni, amekonda, lakini ni yeye.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nipe chaki." Mwenzangu alikuwa amejificha nyuma ya pazia, kwa hiyo Baba alinidhani mimi ni yeye. Nikampa chaki. Akautazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi, kisha akatoa pini mdomoni, moja moja. Nilikuwa nimempa kwa mkono wa kushoto.

Hakuniita Shoto. Hana sababu ya kuniita hivyo, binti yake hana ushoto wowote. Jambo hilo liliniuma mahali ambapo sikujua pana uhai.

18 Aprili

Mvua nzuri. (Siku ile ilipolegea nilirudi mbio, na ukuta wa mbao ukajifunga nyuma yangu.) Mwenzangu amekuja upande wetu. Alikataa kutoka mbele ya Mama. Alikaa tu nyuma ya pazia la bluu, kwenye kigoda, akimsikiliza akinigombeza kuhusu vumbi la chaki, kuhusu fundi viatu na paka wake, kuhusu chai yangu iliyo nyepesi. Nilipomchungulia, machozi yalikuwa yanamtiririka na anatabasamu.

"Bado hana breki mdomoni," alininong'oneza.

21 Aprili

Mama anajua.

"Shoto, mtu haingii kujaribu nguo muda wote huo bila nguo," amesema, sindano inaendelea. "Na ule mkono wa koti ulionipa nitie vifungo. Pindo lake ameshona baba yako."

Niliweka mkasi chini.

"Niliujua siku ileile. Nikasema nisubiri, mwanangu ataniambia. Nimesubiri, nimechoka."

Nikamweleza yote. Nilitegemea atanitolea macho, ataniambia nikalale. Aliuliza jambo moja tu: anakula vizuri? Nikasema amekonda. Akakata uzi kwa meno, jambo analonikataza mimi kila siku.

"Mvua ikija utanipeleka," akasema.

Naandika ukweli kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa. Mimi nilikwenda kule kwa udadisi, kama mtoto anayechungulia jiko la jirani. Yeye atakwenda kwa sababu nyingine. Kule yuko mume, yuko binti, dari haivuji. Kitu pekee kisichokuwepo kule ni mimi, na hata mimi nipo, tena nimesuka vizuri.

22 Aprili

Jua. Mama amefua gauni lake la bluu.

23 Aprili

Jua. Nimeruka kurasa mpaka mwisho wa kitabu. Msichana anafunga nyufa zote za kuta na kurudi kwao peke yake. Nimemsimulia Mama.

"Huyo msichana alikuwa na mama?"

"Haisemwi."

"Basi hanihusu," akasema, akaniomba pasi.

26 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Mvua iliteremka mchana, kubwa. Mama alivaa gauni la bluu, akachukua kopo lake la vifungo, akapita kwenye pazia la kijani kama anayekwenda dukani. Mimi na Mwenzangu tulikubaliana tubaki kijichumbani, tuwaachie nafasi. Tulikaa tumebanana kwenye kigoda kimoja, masikio wazi, na aibu hatukuwa nayo.

Halafu sauti ya Mama: "Haya matundu ya vifungo ameshona nani?"

"Mimi," Baba akasema.

"Yamepinda."

"Sina mtu wa kunishonea."

Kisha kicheko, wote wawili. Kicheko cha Mama cha namna hiyo sikuwa nimekisikia tangu mwaka juzi. Mwenzangu alinishika goti. Nilifurahi kwa ajili yao, na papo hapo nikahisi mtu ananiondolea sakafu.

Mvua ikaanza kulegea. Nikaita, "Mama, tuondoke!"

"Nakuja. Namalizia tundu moja."

Fundi yeyote ataelewa. Tundu la kifungo haliachwi katikati, uzi ukikatwa nusu unafumuka wote. Lakini mvua haijui ushonaji. Bati lilikuwa tayari linadondokewa na matone ya kuhesabika. Nikasimama niende kumtoa. Mwenzangu akanizuia kwenye pazia la kijani.

"Mwache."

"Nini?"

"Mwache abaki. Wewe umekuwa naye mwaka juzi, mwaka jana, mpaka leo. Mimi sijapata hata siku moja."

"Ni mama yangu!"

"Ni wangu pia!"

Nikamshika mkono kumwondoa njiani, naye akanishika, tukavutana kama watoto wanaogombania kitumbua cha mwisho, mpaka tukaanguka wote nje ya pazia la bluu, upande wetu. Tulipoinua vichwa, kijichumba kilikuwa na ukuta wa mbao.

Huku tumebaki mabinti wawili, kule wamebaki wazazi wawili. Sikugeuza karatasi. Nimekata upya mikono miwili ya upande mmoja, na safari hii si kitambaa, ni watu.

27 Aprili

Jua. Hatusemezani.

29 Aprili

Jua kali. Fundi viatu amemkuta Mwenzangu anakata gauni. "Leo mkono wa kulia?" "Nabadilisha," akajibu, kavu. Mimi nilikuwa chini ya meza. Akauliza Mama Vifungo yuko wapi, tukasema kwa ndugu. Sauti zilitoka mbili, akatazama huku na huku, akaenda zake. Tulicheka. Kisha tukakumbuka kwamba tumenuniana.

2 Mei

Mwenzangu anaamka kabla yangu na kufagia. Anaimba kwa pua anapotarizi. Kiti cha Mama alikikalia mara moja, akainuka upesi kama kina moto. Leo ameniomba nimfundishe tundu la kifungo, kwa kuwa mama yake alifariki kabla hajafika hapo. Nimemfundisha kama Mama alivyonifundisha, kwa matusi kidogo. Nilipojisikiliza nikagundua mdomo wangu pia umekosa breki.

Tumeambiana kinachotuogopesha. Nilidhani yeye anaomba mvua isirudi. Kumbe anaogopa kama mimi: kwamba wale wawili wamekaa kule, wana chai yao na vifungo vyao, na hawahitaji mtu. "Labda hawajagundua kama hatupo," akasema. Nilipomwangalia wakati huo sikumwona mwizi tena.

6 Mei

Jua.

9 Mei

Jua. Watu mtaani wanasema msimu umekwisha. Mkutubi amepita kujaribu koti, limemkaa vizuri mno. Ananyoosha mikono mbele ya kioo, anageuka. Ameuliza kama nilikipenda kitabu. Nimemwambia mwandishi wake hajawahi kukata koti. Amesema hilo ndilo kosa lake kubwa, akakitia mkobani.

Alipoondoka nikakaa kwenye kiti cha Mama mimi mwenyewe. Kimebonyea kwa umbo lake, mimi kinanipwaya.

14 Mei

Wingu lilitokea mchana, moja, jeusi. Tukaacha pasi mezani. (Gauni la watu limeungua, nitalipa.) Mvua ikapiga bati kwa hasira, tukaingia kijichumbani tumeshikana mikono, na pazia la kijani likawepo.

Nilikuwa nimejiandaa kuita, kulia, kumvuta kwa nguvu. Nikafungua pazia nikamkuta hapohapo, amekaa kwenye kigoda, gauni la bluu, kopo la vifungo mapajani, kama abiria anayeogopa kuachwa.

"Mmechelewa," akasema.

"Kila siku anakaa hapo," Baba akasema nyuma yake. "Nikimwambia jua linawaka, anasema huenda likabadilika. Chakula chenyewe anakula hapo."

Mwenzangu alimkimbilia babaye. Mama akamwita, akanyoosha kiganja. "Nionyeshe." Mwenzangu akatoa kitambaa chenye matundu niliyomfundisha. Mama akayasogeza karibu na macho.

"La mwisho limenyooka," akasema. "Mengine rudia." Akamkumbatia muda mrefu, na Mwenzangu akalia kwa sauti, bila haya, mpaka bega la gauni likalowa.

Baba akaja kwangu. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaufungua, akaitazama sugu ya mkasi kwenye kidole gumba. "Ulifundishwa vizuri," akasema. Nikasema, ndiyo, nilifundishwa vizuri. Tulijua sote wawili kwamba si yeye aliyenifundisha.

Nje bati lilikuwa linatulia. Mimi na Mama tukapita.

Jioni nilipomletea chai sikuweza kujizuia. "Mama, kwa nini ulirudi?"

Akaionja. "Nyepesi," akasema. Kisha: "Yule mwanamume ni mwema. Ni baba yako kila kitu, mpaka kikohozi. Siku moja kifungo kiliruka kikaingia kwenye kikombe chake, nikacheka, nikamwambia, hapa Shoto angecheka mpaka aanguke. Akaniuliza, Shoto ni nani?"

Akazungusha kikombe.

"Nikaanza kumweleza. Ulivyokuwa mdogo, ulivyokataa mkasi wa watu, baba yako alivyokutafutia wako mtaa kwa mtaa. Alinisikiliza vizuri sana. Lakini nilikuwa namhadithia, Shoto. Nilikuwa namhadithia mtu mambo ambayo baba yako aliyajua bila kuhadithiwa. Toka hapo nikahamia kwenye kigoda."

Nikaenda kuongeza majani ya chai.

20 Mei

Jua. Mkutubi amechukua koti lake, akasafiri. Hakuuliza kwa nini mshono wa ndani wa mkono mmoja una alama ya mkato, na mwingine hauna.

Mama ameniambia nikate shati la mwanamume. Nilipomuuliza vipimo alinitazama kama mtu aliyeuliza jina lake mwenyewe. Nimekata kwa kichwa. Mikono nimekata jozi, kitambaa kikiwa kimekunjwa, na bado nimehakiki mara mbili. Matundu ameshona yeye, yamenyooka yote. Ameliingiza mwenyewe kijichumbani na kulitundika kwenye msumari wa nyuma, na halitashuka hapo mpaka msimu ujao.

Nimesimama kulitazama.

"Shoto," ameniita kutoka dirishani, "shusha pazia, litaingia vumbi."